Mita moja, wapangaji 5

Tokeni zikiisha haraka hapa Kiembeni, lawama huanzia kwa chaja ya simu. Jamani, tupige hesabu kwanza. Chaja ya wati 10 kwa saa 3 kila siku haifiki hata uniti 1 kwa mwezi. Feni ya wati 75 kwa saa 10 hula uniti 22.5, na kwa joto letu la Januari nani ataizima?

Mimi naona tatizo kubwa liko kwenye mita. Aprili 2023 EPRA iliwagawa wateja wa nyumbani kwa wastani wao wa miezi mitatu: hadi uniti 30, shilingi 12.22 kwa uniti. Hadi 100, shilingi 16.30, kuzidi hapo, 20.97. Kodi na tozo bado. Ukivuka mpaka, uniti zote hupanda bei, si zile za ziada tu.

Sasa, kwa bei hizo za 2023, chukua ploti ya wapangaji 5, kila mmoja anatumia uniti 25. Kila mtu angekuwa na mita yake angelipa shilingi 305.50. Wakichangia mita moja wanafika uniti 125, na kila mmoja analipa shilingi 524. Punguzo la mnyonge limepotea njiani! Mita ndogo za mwenye nyumba haziponyi hapo, zinagawa bili ile ile.

Kwa hiyo, kabla ya kununua balbu za LED, muulize mwenye nyumba: mita hii tuko wangapi?