Isabel Alitawala kwa Mkono Wake

Tamthilia ya Isabel ilirushwa na televisheni ya taifa ya Hispania kuanzia 2012 hadi 2014, misimu mitatu, vipindi 39, na mpaka leo kila anayeitazama huwa na la kusema. Wapo wanaomtukuza malkia huyo wa Castilla kupita kiasi. Wapo wanaoibeza kazi nzima kuwa ni porojo za mapenzi na mavazi. Kinachonikera ni kwamba pande zote mbili humvua Isabel maamuzi yake: akifanya la kijasiri, wanadai waandishi wamelitunga, akifanya la kikatili, wanadai alisukumwa na wanaume waliomzunguka. Madai hayo yanahitaji majibu.

Kwanza lile la kwamba Isabel anayeigizwa na Michelle Jenner ni mwanamke wa leo aliyevalishwa gauni la kale, kwa kuwa mwanamke wa karne ya 15 asingethubutu kumkaidi mfalme na kujichagulia mume. Kumbukumbu za enzi ile zinasema vingine. Mwaka 1466 kaka yake wa kwa baba, Mfalme Enrique IV, aliridhia aozwe kwa Pedro Girón, mkuu wa shirika la wapiganaji watawa la Calatrava, mtu aliyemzidi umri kwa zaidi ya miaka 25. Girón akafia njiani akienda kumchukua bibi harusi. Miaka miwili baadaye, katika mapatano ya Toros de Guisando, Isabel alitambuliwa kuwa mrithi wa kiti, akaahidiwa kwamba hataozwa bila ridhaa yake, naye akaahidi kwamba hataolewa bila idhini ya mfalme. Enrique akamtafutia Afonso V wa Ureno. Isabel akamkataa, akaondoka Ocaña, akafika Valladolid. Fernando wa Aragón, mchumba aliyemchagua mwenyewe, naye akavuka mpaka akiwa amejifanya mtumishi katika msafara wa nyumbu. Walifunga ndoa tarehe 19 Oktoba 1469, bibi harusi ana miaka 18, bwana harusi 17.

Hapo ndipo inapokuja habari ya hati bandia, ambayo wengi hudhani imetungwa ili kunogesha kipindi. Maarusi hawa walikuwa ndugu wa ukoo mmoja, wasioruhusiwa kuoana bila kibali cha Papa. Hati iliyosomwa siku ya harusi ilidaiwa kutolewa na Pius II, ambaye alikuwa amefariki tangu 1464. Ilikuwa ya kughushi. Kibali cha kweli cha Sixtus IV kilitolewa Desemba 1471, na wakati huo binti yao wa kwanza alikuwa amekwisha kutimiza mwaka mmoja.

Kuna wanaokubali ujasiri huo wa ujanani, kisha wakashikilia kwamba baada ya ndoa mtawala halisi alikuwa Fernando. Hao wasome yaliyotokea Segovia tarehe 13 Desemba 1474. Enrique amekufa siku moja au mbili tu nyuma. Fernando yuko mbali, Aragón. Isabel hakumsubiri. Alijitangaza malkia siku hiyo, na katika maandamano Gutierre de Cárdenas akamtangulia akiwa ameinua upanga uliochomolewa alani, ishara ya haki na ya mamlaka ya kuua. Mume alipopata habari alikasirika, na mwandishi wa matukio Alonso de Palencia, aliyekuwa upande wake, akaandika chuki yake waziwazi. Mwezi uliofuata wakaketi wakaandikiana mkataba: katika nyaraka jina la Fernando litatangulia, lakini nembo ya Castilla itaitangulia ya Aragón, ufalme utabaki milki ya Isabel, na ngome zote za Castilla zitamtii yeye. Huo si mkataba wa mke aliyewekwa kitini na mumewe.

Basi alikuwa mrithi halali asiyepingika? Hapa nawageukia mashabiki wake. Tamthilia imewafanya wengi waamini kwamba Juana, binti wa Enrique, alikuwa mtoto wa Beltrán de la Cueva, kipenzi wa mfalme, na hivyo Isabel alichukua tu kilicho chake. Juana alizaliwa mwaka 1462, na mwaka huohuo baraza la Cortes likamwapia utii kama mrithi. Hata pale Guisando hoja iliyoandikwa ilikuwa kwamba ndoa ya Enrique na mama yake Juana haikuwa halali. Uvumi kuhusu Beltrán ulikuwa silaha ya kisiasa, nao ulifanya kazi vizuri kuliko mizinga. Vita vya urithi, ambamo Ureno ilimuunga mkono Juana, vilidumu kuanzia 1475 hadi 1479. Katika pigano la Toro, Machi 1476, kila upande ulidai ushindi. Isabel akawahi kusambaza barua miji yote akitangaza kwamba wa kwake ndio wa kweli. Juana aliingia katika nyumba ya watawa Coimbra, akafa mwaka 1530, na hadi mwisho alikuwa akisaini kama malkia. Nasikitika kila ninapoona watazamaji wakimshangilia Isabel na kumsahau msichana huyo.

Vita hivyo vinajibu pia dai linalosikika kwetu, kwamba mambo ya Castilla hayamhusu mtu wa pwani ya Afrika Mashariki. Vilimalizwa kwa mkataba wa Alcáçovas, Septemba 1479. Isabel alibaki na kiti na Visiwa vya Canary. Ureno, iliyokuwa imeshinda baharini, ikaachiwa Guinea na njia ya kusini kandokando ya Afrika. Mkataba wa Tordesillas wa 1494 ukauweka mgawanyo huo katika sura mpya bila kuwanyang'anya Wareno njia hiyo. Ndiyo maana aliyetia nanga Mombasa na Malindi mwaka 1498 alikuwa Vasco da Gama, mtumishi wa mfalme wa Ureno, na ni kundi la meli za Wareno chini ya Francisco de Almeida lililoishambulia Kilwa na kuichoma Mombasa mwaka 1505. Taji la Ureno lilipoangukia baadaye mikononi mwa Felipe II wa Hispania, kitukuu wa Isabel, ni katika utawala wake ndipo ngome ya Fort Jesus ya Mombasa ilipoanza kujengwa, mwaka 1593.

Ile hadithi ya kuweka vito rehani ili kumgharimia Columbus niipitie haraka. Vito vilikuwa vimekwisha kuwekwa rehani Valencia kwa ajili ya vita dhidi ya ufalme wa Waislamu wa Granada. Sehemu kubwa ya fedha za safari ilipatikana kwa mkopo uliopangwa na Luis de Santángel, mtunza fedha wa Aragón, na mji wa Palos ukaamriwa kutoa meli mbili. Alichotoa Isabel ni uamuzi, katika makubaliano ya Santa Fe ya tarehe 17 Aprili 1492. Na wanaosema aliunda nchi moja inayoitwa Hispania wakumbuke kwamba alipofariki mwaka 1504 Castilla ilirithiwa na binti yake, Fernando akarudi kwake Aragón na kuoa tena. Laiti mtoto wa kiume aliyezaliwa mwaka 1509 angeishi, falme hizo mbili zingeachana.

Dai linaloniudhi kuliko yote ni lile la kwamba Inkwizisheni, ile mahakama ya kusaka waliotuhumiwa uzushi, ilikuwa kazi ya Fernando na Torquemada, na malkia mpole alivumilia tu. Hati ya Papa ya Novemba 1478 iliombwa kwa ajili ya Castilla, ufalme wake. Wachunguzi wa kwanza waliteuliwa mwaka 1480, na Februari 1481 watu wakachomwa moto Sevilla. Wakati huo Torquemada hakuwa bado mkuu wa mahakama hiyo. Alipewa cheo hicho mwaka 1483. Amri ya kuwafukuza Wayahudi, ya tarehe 31 Machi 1492, ina saini za wote wawili. Isaac Abravanel, Myahudi aliyekwenda kuwasihi waibatilishe, aliandika kwamba malkia ndiye aliyesimama kando ya mfalme akimtia nguvu asilegee.

Kisha Granada. Katika mapatano ya Novemba 1491 Waislamu waliahidiwa misikiti yao, makadhi wao, sheria yao, na kwamba hakuna atakayelazimishwa kubadili dini. Mji ulikabidhiwa tarehe 2 Januari 1492. Askofu Mkuu wa kwanza, Hernando de Talavera, alihubiri kwa upole na kuwataka mapadri wake wajifunze Kiarabu. Mwaka 1499 akaja Cisneros, Askofu Mkuu wa Toledo, na ubatizo wa makundi, vitabu vikachomwa, mtaa wa Albaicín ukaasi, milima ya Alpujarras ikafuata. Uasi ukafanywa kisingizio cha kuifuta ahadi yote, na Februari 1502 Waislamu wa Castilla wakaamriwa wabatizwe au waondoke. Katika Aragón, ufalme wa Fernando, Waislamu waliendelea kuswali hadi miaka ya 1520. Anayetaka kujua amri ile ilitoka kwa nani aanzie kwenye tofauti hiyo.

Watetezi wake wakishindwa hapo, hukimbilia kusema kwamba alikuwa mtu wa zama zake, na zama zile hakuna aliyefikiri vingine. Wapo waliofikiri vingine, tena ndani ya jumba lake. Hernando del Pulgar, mwandishi wake mwenyewe wa matukio, alilalamika kwa barua kuhusu ukali uliotumika Andalusia, akiwatetea wasichana ambao hawakuwahi kutoka majumbani mwao wala kufundishwa kitu zaidi ya walichoona kwa wazazi. Papa Sixtus IV alikemea dhuluma za mahakama hiyo mwaka 1482. Talavera alikuwa padri muungamishi wa Isabel kwa miaka mingi, hivyo malkia alizisikia hoja za upole kutoka kinywa alichokiamini, akachagua njia ya Cisneros. Malkia alipokwisha kufa, wachunguzi wa Inkwizisheni walimgeukia Talavera mwenyewe na jamaa zake, wakawashtaki kwa uzushi.