Karavani ya familia: angalia kilo kabla ya vitanda

Tangu kipindi chetu cha likizo za ndani kitoke, swali linaloingia kwa wingi ni moja, limebadilishwa maneno tu: "Sisi watu sita na bibi wa saba, tununue karavani gani kubwa?" Jibu langu fupi, na najua wengine watanuna. Msinunue kubwa. Nunueni nyepesi, ya kisasa, yenye vitanda vya wale wanaolala humo kila safari, na wageni watapangiwa pahala pengine. Kama nyepesi haiwatoshi hata kwa kubanana, kodini nyumba karibu na bahari na hii habari ya karavani muiache.

Nasema hivi huku nikijua sisi ni watu wa namna gani. Shangazi akisikia mnakwenda Wales, naye yumo. Na haji mikono mitupu, anakuja na sufuria la pilau na watoto wawili wa jirani. Hiyo ndiyo raha yetu na sitaki ife hapa Uingereza. Lakini gari linalovuta tela kwenye motowei halijui ukarimu. Linajua uzito tu.

Kwani hii ni yetu?

Kuna wazee wanaoguna. "Tumetoka huko kwenye mabati, leo mwanangu analipa pesa akalale kwenye tela?" Mie nacheka, lakini hoja yao naiheshimu, kwa sababu pesa ya karavani ni pesa ambayo ingeweza kupaua nyumba nyumbani au kulipa ada ya mtu.

Jibu langu kwao ni hili. Tiketi za familia nzima kwenda Mombasa, Dar au Unguja mwezi wa nane, shule zikiwa zimefungwa, si kitu cha kila mwaka kwa wengi wetu. Basi inapita miaka mitatu, minne, na katikati hapo watoto wanakaa ndani na simu. Na wazee wenyewe? Mtu kaishi hapa miaka thelathini, anaijua M1, anaijua zamu ya usiku, anaijua Heathrow, basi. Mtu aliyekulia akisikia mawimbi kitandani hajawahi kuiona bahari ya Pembrokeshire, na iko saa chache tu kutoka mlangoni kwake. Kwangu mie sababu ya karavani ni hiyo. Kwa hiyo kitanda cha kwanza kuchagua ni cha mzee. Wengine tutafuata.

Sheria imelegea, gari lako halijalegea

Zamani waliofaulu mtihani wa udereva kuanzia Januari 1997 walibanwa: ukitaka kuvuta tela zito, ufanye mtihani mwingine. Tangu tarehe 16 Desemba 2021 hilo limeondolewa, na leseni ya kawaida ya gari inakuruhusu kuvuta tela la mpaka kilo 3,500. Watu wengi wameisikia habari hii nusu. Wameelewa kwamba sasa wanaweza kuvuta chochote. Hapana. Leseni ni ruhusa yako wewe. Gari lina mipaka yake, imeandikwa kwenye kitabu chake na kwenye kibao cha chuma ndani ya mlango au chini ya boneti: uzito wa juu linaoweza kuvuta, na uzito wa juu wa gari na tela vikijumlishwa pamoja na kila kilichomo. Ukivuka hapo umevunja sheria, na bima inaweza kukugeuka siku unayoihitaji.

Halafu kuna ushauri wa vilabu vya karavani, ambao si sheria lakini mie nauchukulia kama sheria: kwa anayeanza, karavani iliyojazwa isizidi asilimia 85 ya uzito wa gari lenyewe. Chukua gari la viti saba lenye kilo 1,650. Asilimia 85 yake ni kama kilo 1,400. Sasa nenda kwenye yadi ukaangalie zile kubwa za ekseli mbili ambazo kila mtu anazipenda: nyingi zinapita kilo 1,600. Mazungumzo yameishia hapo, hata kabla hujafungua mlango kuona sebule.

Na ukifika yadi, usikubali kutajiwa uzito mmoja. Karavani ina uzito wa aina mbili. Upo wa ikiwa tupu, kama ilivyotoka kiwandani, na upo wa juu kabisa inaoruhusiwa kufika. Muuzaji atapenda kukutajia ule mdogo. Wewe muulize tofauti ya hizo mbili, kwa sababu tofauti hiyo ndiyo mizigo yenu yote, na kwenye karavani nyingi ni kilo mia na hamsini hivi tu.

Mia na hamsini inasikika nyingi mpaka uanze kuhesabu. Ile mota ya kusogezea karavani uwanjani kwa rimoti: kilo thelathini na zaidi. Betri: ishirini na kitu. Hema la pembeni: ishirini nyingine. Mtungi wa gesi. Sasa ndiyo tunaingia sisi: mchele kilo kumi, sufuria, jiko la pili kwa sababu la ndani ni dogo, mablanketi ya watu wanaoona baridi mwezi wa saba, mikeka, viti vya kukunja, maji ya kunywa ambayo kila lita ni kilo. Nguo bado hatujagusa. Familia yetu inaimaliza hiyo mia na hamsini kabla watoto hawajaleta baiskeli.

Mikanda, si vitanda

Kuna jambo linasahaulika kila mara. Karavani ikiwa inavutwa, hakuna mtu anayeruhusiwa kukaa ndani yake. Hata mtoto aliyelala, hata bibi anayetaka kunyoosha miguu. Kwa hiyo idadi ya familia yenu safarini ni idadi ya mikanda kwenye gari. Ukinunua karavani ya vitanda sita na gari lina mikanda mitano, umelipia kitanda cha mtu ambaye hana namna ya kufika.

Na gari la viti saba likijaa watu saba, buti limekwisha. Mizigo yote inahamia kwenye karavani, ile ile yenye kilo mia na hamsini. Ndiyo maana nasema shangazi aje na gari lake. Akija nalo, sufuria linapanda humo, watoto wa jirani wanapanda humo, na hema lake linakodishiwa kiwanja cha pili. Tutakula pamoja, tutalala mbalimbali. Hakuna undugu uliovunjika kwa hilo.

"Basi tununue gari kubwa"

Nimeisikia sana hii, na si ya kijinga. Gari zito linavuta vizuri, na karavani ya ekseli mbili kweli inatulia zaidi barabarani. Lakini tufikirie maisha yetu yalivyo. Wengi tuna gari moja, linapeleka watoto shule, linakwenda kazini, linalala mtaani mbele ya nyumba iliyobanana na wenzake. Utaliendesha lile dude mwaka mzima kwa ajili ya wiki tatu? Na wale wa London: zile jipu za dizeli za zamani zinazouzwa kwa bei nzuri na zina nguvu, nyingi hazikidhi masharti ya ULEZ, ambayo tangu Agosti 2023 imeenea mitaa yote ya jiji. Ni paundi 12.50 kila siku unayoliwasha. Rahisi inageuka ghali ndani ya mwezi.

Wenye magari ya umeme nao wasome kitabu kwanza. Mengine yanaruhusiwa kuvuta uzito mdogo sana, mengine hayaruhusiwi kabisa, na yanayoruhusiwa hupoteza sehemu kubwa ya mwendo kwa chaji moja. Hapo wepesi haukwepeki.

Ndani: nani analala wapi

Kwa familia ya wazazi, watoto wawili au watatu na mzee mmoja, mie ningetafuta hivi. Kitanda cha kudumu ambacho hakikunjwi, cha mzee, karibu na choo. Asianze kusubiri watu waamke ili sebule igeuzwe. Vitanda vya deka kwa watoto. Wazazi walale sebuleni, wabomoe na kujenga kitanda kila siku, ndiyo ujana huo. Angalia kimo cha ngazi ya mlangoni na ukamjaribishe mzee mwenyewe, magoti yake yaseme. Ingia chooni ufunge mlango, uinue mkono na kopo la kutawadhia, uone kama unageuka. Simama sebuleni upime kama mswala unatandazika meza ikiwa imekunjwa. Haya hayaandikwi kwenye matangazo, lakini ndiyo yatakayoamua kama mzee atataka kwenda safari ya pili.

Tena mwende naye yadi. Usimletee karavani kama zawadi ya kushtukiza.

Kisasa maana yake nini

Kisasa si taa za rangi na redio. Karavani nyingi za zamani zilikuwa fremu ya mbao iliyofunikwa bati jembamba, na maji yakishapata upenyo kwenye kiungo, mbao zinaoza kimyakimya huku nje inang'aa. Miaka ya karibuni watengenezaji wa hapa wamehamia kwenye kuta za tabaka zilizogandishwa pamoja, mbao zikipunguzwa au kuondolewa: Bailey wa Bristol wana Alu-Tech, Elddis wana SoLiD, Swift nao wamefuata njia yao. Matokeo ni ukuta mwepesi, unaoshika joto, wenye viungo vichache vya kuvuja. Hiyo ndiyo teknolojia ya kulipia.

Si lazima iwe mpya. Iliyotumika miaka michache, iliyotunzwa, ni akili zaidi kwa mfuko wetu. Lakini njoo na kipimo cha unyevu, au mlipe fundi aje nacho. Chini ya asilimia 15 tulia. Ikipita 20, ondoka au bei ishuke sana. Kwenye tairi soma tarakimu nne za mwisho: 1419 maana yake wiki ya 14 ya mwaka 2019. Tairi za karavani huzeeka zikiwa zimesimama, hata kama kashata zake ni nzima. Ushauri ni kubadilisha zikifika miaka mitano, na zisipite saba kamwe. Mwisho, namba ya usajili ya CRiS iliyochorwa kwenye vioo ilingane na ya kwenye karatasi. Isipolingana, hata kama ni mtu wa msikitini kwenu anauza, shukuru na uende zako.

Safarini

Vizito vikae chini, juu ya ekseli. Sufuria la pilau lisipande kwenye kabati la juu, wala lisiende nyuma kabisa. Uzito ukizidi nyuma, karavani inaanza kutikisa mkia, na ikitikisa mkia inaweza kulipeleka gari inakotaka yenyewe. Mbele nako ibaki imelalia gari kiasi, kama asilimia 5 mpaka 7 ya uzito wake, bila kuvuka kiwango cha chuma cha kuvutia. Ikianza kuyumba, achia mafuta taratibu, shika usukani sawa, usikanyage breki kwa hofu. Mwendo ni maili 60 kwenye motowei na 50 kwenye barabara za kawaida zisizotengwa katikati, palipo na kibao cha chini yake ufuate kibao. Kwenye motowei ya njia tatu au zaidi, ile ya kulia kabisa si yako. Atakayekupigia honi mwache apite, wewe umebeba watu.

Nawaombeni mambo mawili kabla hamjatoa pesa. Kodini moja kwa wikendi, mzee akiwemo. Halafu siku mkinunua, ijazeni kama mnavyosafiri kweli, muipeleke kwenye mizani ya umma ya magari, zipo na si ghali, mkaone kilo zenu halisi. Watu hubishana sana nyumbani kuhusu kipi kibaki, mizani inaumaliza ubishi kwa dakika tano.

Tuandikieni uzito mtakaoupata, na nini kiliteremshwa. Na kama ni mbuzi ya kukunia nazi ndiyo iliyoteremshwa, mje kipindini mjitetee, maana kuna wazee wanasikiliza.