Mkataba Husomwa Kabla ya Sahihi

Wanafunzi wetu wengi wanaochangia programu huria za tarakilishi hutia sahihi mikataba wasiyoisoma. Programu huria, kwa asiyeifahamu, ni ile ambayo msimbo wake u wazi, na kila mtu ana ruhusa ya kuutumia, kuurekebisha na kuusambaza. Mwanafunzi hurekebisha kasoro au hutafsiri maelezo kwa Kiswahili, kisha huambiwa atie sahihi ndipo kazi yake ipokelewe.

Mimi si mwanasheria. Taaluma yangu ni lugha. Lakini uzito wa mikataba hii umo katika vitenzi. Upo mkataba usemao mchangiaji anahamisha hakimiliki, na upo usemao anaruhusu. Wa kwanza humvua umiliki. Wa pili humwachia, ila ruhusa yenyewe yaweza kuwa pana kiasi cha kumwezesha mpokeaji kuitoa kazi hiyo kwa masharti mengine kabisa, hata ya kuifunga.

Hofu hii si ya kubuni. Mnamo Agosti 2023 kampuni ya HashiCorp ya Marekani iliiondoa programu yake, Terraform, katika leseni huria, ikaiweka chini ya leseni inayowazuia washindani kuitumia kibiashara dhidi yake. Watu wa nje waliochangia walikuwa wamekwisha kutia sahihi. Idhini yao haikuhitajika tena. Matoleo ya awali yalibaki huru, na kutokana nayo ikazaliwa OpenTofu. Hata hivyo, jasho la wachangiaji lilikwenda pia kule wasikokutarajia.

Nasi tuna sababu ya kulijali jambo hili. OpenOffice, ambayo wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliitoa kwa Kiswahili mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice, ilikuwa chini ya kampuni ya Sun, iliyowataka wachangiaji wa msimbo waishirikishe hakimiliki zao. LibreOffice ilipojitenga nayo mwaka 2010, sharti hilo ililiacha.

Watetezi husema mradi wahitaji mwenye mamlaka ya kuwashtaki wanaokiuka leseni. Hoja hiyo ina mashiko, na ndiyo iliyoifanya Free Software Foundation ipokee hakimiliki za wachangiaji. Lakini nayo hujifunga kwa maandishi kwamba kazi itabaki huru. Je, ni kampuni ngapi ziko radhi kuahidi hivyo? Isitoshe, mradi wake mkubwa wa GCC haulazimishi tena uhamisho huo tangu 2021. Linux nayo, tangu 2004, hutosheka na mstari mmoja ambamo mchangiaji hushuhudia kuwa ana haki ya kuitoa kazi hiyo. Ikiwa Linux yaridhika na hilo, sioni kwa nini kampuni idai zaidi kwa mwanafunzi asiyelipwa hata senti.

Lipo suala jingine linalowahusu walimu. Mikataba hii humtaka mtia sahihi athibitishe kuwa kazi ni yake, au kwamba mwajiri wake ameridhia. Mwalimu anayeitoa kazi hii kama zoezi la darasa aulize kwanza chuo chake: hakimiliki ya zoezi la mwanafunzi ni ya nani?