Kura ya Bugene na Kura ya Visiwani

Msomaji wetu wa Unguja au Pemba akiulizwa Bugene iko wapi, huenda akasita. Ni kata ya Wilaya ya Karagwe, mkoani Kagera, nchi ya kahawa, migomba na maharage, iliyopakana na Rwanda. Mkulima wa huko na mvuvi wa Mkokotoni huchagua wabunge wa Bunge moja. Lakini kura zao hazina uzito mmoja, nasi twapenda jambo hili lizungumzwe bila ya hamaki.

Sensa ya 2012 iliikuta Karagwe na watu 332,020, Kyerwa ikiwa imekwisha kutengwa kuwa wilaya yake. Wote hao wana mbunge mmoja wa jimbo. Mwaka huo Zanzibar nzima ilikuwa na watu 1,303,569 kwa majimbo 50, yaani takriban watu 26,000 kwa kila jimbo. Sensa ya 2022 imeongeza hesabu za pande zote mbili, tofauti haikuondoka.

Wapo Bara wanaodai viti vya Visiwani vipunguzwe. Hatukubaliani nao. Mwaka 1964 Zanzibar iliingia katika Muungano kama nchi, si kama wilaya, na nchi haipimwi kwa vichwa peke yake. Tena wasisahau kwamba katika miaka ya mwanzo ya Muungano Mzanzibari hakumchagua mbunge kwa kura yake. Waliokwenda Bungeni walikuwa wajumbe wa Baraza la Mapinduzi na wateule wengine wa Rais, hali mkulima wa Bara tangu 1965 alikuwa akichagua baina ya jembe na nyumba.

Lakini haki ya Visiwani haimzuii mtu kuitazama Karagwe. Huko kuna kitu kiitwacho butura: mkulima mwenye shida huuza kahawa yake ingali mtini, kwa bei ya kutupa. Mbunge mmoja atawasikia wangapi wa namna hiyo? Ibara ya 75 ya Katiba yaitaka Tume ya Uchaguzi iangalie njia za mawasiliano na jiografia ya eneo, na ichunguze mipaka angalau kila miaka kumi. Mwezi Mei 2025 yaliongezwa majimbo 8, yote Bara, jumla ikawa 272. Kagera haikupata hata moja. (Uchaguzi wenyewe wa 29 Oktoba 2025 ulifanyika bila ya CHADEMA, na watu walipoteza maisha, hilo lataka tahariri yake.) Maofisa wanaohusika wawaeleze watu wa Karagwe waziwazi kwa nini jimbo lao halikugawanywa, na wawaeleze kabla ya 2030.

Kwa wabunge wetu wa Visiwani tuna neno jingine. Kahawa si jambo la Muungano, wala karafuu. Mbunge wa Karagwe hana kura katika Baraza la Wawakilishi karafuu inapojadiliwa. Lakini mbunge wa Pemba hupiga kura Dodoma bajeti ya kilimo cha Bara inapopitishwa. Sheria yampa ruhusa hiyo. Basi kabla ya kuitikia "ndiyo", yampasa ajue butura ni nini, na amuulize mwenzake wa Karagwe bajeti ile ina nini kwa ajili ya mkulima wa Bugene.