SUA au Mzumbe? Wa Kibaoni aangalie kampasi kwanza

Msimu wa maombi ya vyuo ukifika, vijana wa Kibaoni waliomaliza form six wanabishana: SUA au Mzumbe? Vyote ni vya serikali, vyote viko Morogoro, na wengi wanachagua kwa jina tu.

Kwa mtoto wa mkulima wa mpunga au miwa, SUA inaonekana ya nyumbani. Ilianzishwa 1984 kutokana na kitivo cha kilimo cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mzumbe ilianza 1953 ikifundisha watumishi wa serikali za mitaa, ikawa IDM mwaka 1972. Hadi leo nguvu yake ni sheria, uhasibu na utawala.

Ila kinachouma zaidi ni makazi. Ukitoka Ifakara kwa basi unafika Sangasanga kabla ya Msamvu, na njia ya kwenda Mzumbe inaanzia hapo. Ni maisha ya kijijini, wengi wanapanga Changarawe. SUA iko mjini, chini ya Uluguru, lakini ukipata ualimu wa sayansi unasoma Mazimbu, ilipokuwa shule ya wakimbizi wa ANC hadi 1992. Na Mzumbe ina kampasi Mbeya na Dar pia!

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, bumu bado halijaingia. Kwa mzazi wa Kibaoni hayo ni magunia ya mpunga, tena mara nyingi yanauzwa kabla mtoto hajajua amepangiwa kampasi gani.