Umeenda Italia Ukala Spaghetti Bolognese? Pole, Umejiibia

Wasee, leo nitakanyaga watu vidole, na wengine wenu ni marafiki zangu kabisa. Hizi video za "vyakula 5 lazima ule ukienda Italia" zimetosha. Zote ni moja: pizza, spaghetti bolognese, carbonara, lasagna, gelato. Mtu ako Venice, anakula pizza. Kesho ako Firenze, pizza. Kesho kutwa ako Roma, na mnajua tayari anakula nini. Halafu anarudi Nairobi kutuambia ati "nimeonja Italia."

Hujaonja Italia. Umeonja menyu ya watalii mara tatu.

Kabla mnirukie, huo ujinga mimi mwenyewe nimeufanya. Nimekulia Malindi, mji ambao Waitaliano wameishi miaka mingi hadi vijana wa ufuoni wanabonga Kiitaliano bila kukanyaga darasa. Kwa hivyo nilijiona mtaalamu. Siku ya kwanza Venice nikakaa kwenye mkahawa mmoja wenye menyu ya picha na lugha sita, nikaagiza spaghetti bolognese. Kando ya jina kulikuwa na kinyota kidogo. Nikafikiri ni nyota ya ubora, kama zile za hoteli. Kumbe kwa menyu za huko kinyota kinamaanisha hicho kitu kimetoka kwenye friza! Bili ikaja euro 31, na ndani yake kuna kitu kinaitwa coperto, yaani pesa ya kuketi mezani tu. Piga hesabu kwa shilingi. Na tambi zenyewe zilikuwa zimelainika kama za mgonjwa.

Nilikasirika, lakini baadaye nikajiuliza: ni nani alinituma Venice kutafuta chakula cha Bologna?

Kwa sababu shida yetu ndiyo hiyo. Tunadhani kuna kitu kimoja kinaitwa "chakula cha Kiitaliano." Italia imekuwa nchi moja tangu 1861 tu. Kabla ya hapo ilikuwa falme na miji, kila mmoja na mtawala wake, lahaja yake na sufuria yake. Leo kuna mikoa 20, na kwa mambo ya chakula kila mji bado unajitegemea. Kumuuliza Mtaliano "chakula cha kwenu ni gani?" bila kutaja mji ni kama kumchanganya Mswahili wa Lamu na Mturkana kwenye sahani moja.

Tuchukue hiyo bolognese. Ukifika Bologna kwenyewe, watu wanakula ragù, mchuzi wa nyama iliyosagwa unaopikwa polepole kwa saa kadhaa, juu ya tagliatelle, tambi pana za mayai. Si spaghetti. Na hawana mzaha: mwaka wa 1972 waliandikisha rasmi upana wa tagliatelle iliyopikwa kuwa milimita 8, na mwaka wa 1982 maelezo ya kupika ragù yakawekwa kwenye ofisi ya Chama cha Wafanyabiashara cha mji. Mwaka wa 2019 meya wao, Virginio Merola, alijitokeza kulalamikia spaghetti bolognese inayouzwa duniani kwa jina la mji wake. Nilikuwa chini ya saa mbili kwa treni kutoka huko, nami nikakaa Venice nakula ya friza. Wakati huohuo wenyeji wa Venice wako wamesimama kwenye vibaa vyao wanakula sarde in saor, sadini waliokaangwa kisha wakalazwa kwenye vitunguu na siki. Mtu wa Pwani apite hiyo kweli?

Sasa nisemé ile kitu hakuna anayetaka kusema. Vyakula bora vya Italia hatuvirekodi kwa sababu vinafanana na vile tunavyovionea aibu nyumbani.

Firenze, kuna vibanda barabarani vinavyouza lampredotto. Hilo ni tumbo la nne la ng'ombe, limechemshwa kwenye supu, likakatwakatwa na kutiwa ndani ya mkate uliochovywa kwenye supu hiyohiyo. Matumbo, ndugu yangu. Matumbo kwa mkate! Nililipa chini ya euro 6, nimesimama kando ya fundi wa mjengo na mzee wa suti, na hakuna aliyekuwa anapiga picha.

Roma, nenda Testaccio, mtaa uliokuwa na kichinjio kikubwa. Wafanyakazi walikuwa wanalipwa sehemu ya ujira wao kwa vile vilivyobaki baada ya nyama nzuri kwenda kwa wenye pesa: mkia, utumbo, maini, moyo. Wakaviita "robo ya tano." Wake zao na wapishi wa mtaa wakavigeuza kuwa coda alla vaccinara, mkia wa ng'ombe kwenye nyanya, na trippa alla romana. Palermo kuna mkate wa wengu na mapafu, pani ca meusa.

Na kule kaskazini, Veneto na Lombardia, kuna polenta. Unga wa mahindi, maji yanachemka, mwiko, mikono inauma. Ni binamu wa ugali! Watu wa kusini mwa Italia walikuwa wanawatukana wa kaskazini kwa kuwaita "polentoni," wala polenta. Zamani maskini wa huko waliugua pelagra kwa sababu hawakuwa na kingine cha kula. Leo inapakuliwa kwa heshima na mchuzi mzito wa nyama au jibini, na hakuna anayejificha.

Lakini Mkenya amelipia viza ya Schengen, tiketi na hoteli, anaona polenta kwenye menyu anasema, "Siwezi kuja Ulaya kula ugali." Anaagiza pizza ambayo angeipata mtaani kwao. Kama unataka pizza, sawa, panda treni uende Napoli, mahali ambapo ufundi wa kuitengeneza umeingizwa kwenye urithi wa UNESCO tangu 2017. Inaiva kwa dakika moja na nusu hivi, unaikuta katikati laini inayokushinda kushika. Hiyo sina kesi nayo.

Najua mtanijibu. "Pesa ni yangu." Kweli, ila ukiwaambia maelfu ya watu mahali pa kula, hizo sasa ni pesa zao. "Mimi ni Mwislamu, nguruwe ako kila mahali." Hoja nzuri, na ndiyo sababu video zenu ni hatari: carbonara halisi ina shavu la nguruwe, na ule mkate wa Palermo hukaangwa kwa mafuta yake. Mbona hamsemi? Jifunzeni neno maiale, muulize. Na Trapani, Sicily, kuna cuscusu ya samaki, kitu walichorithi kutoka upande wa pili wa bahari, Afrika Kaskazini. Hiyo mbona haimo kwa orodha zenu?

Kule Malindi huwa tunamcheka mtalii anayekaa wiki nzima akila tambi na hajagusa samaki wa kupaka wala mahamri. Sisi tukienda kwao tunafanya vilevile, tena na kamera.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo. Safari ijayo, ukishuka kwenye treni, muulize mtu mmoja wa hapo, awe muuza magazeti au mama wa sokoni: "Hapa mnakula nini ambacho mji wa pili hawana?" Ule hicho. Kikikushinda, tuambie kimekushinda. Hiyo video nitaitazama hadi mwisho.