Shule ya Umma ni Mali ya Nani?

Wananchi wenzetu, katika kila kizazi cha historia ya Nakuru pamekuwa na watu waliosimama langoni mwa shule ya umma wakauliza swali moja tu: mtoto huyu ni wa nani? Hawakuuliza anajua nini, wala anataka kujifunza nini. Swali hilo limebadilisha mavazi mara tatu. Kwanza lilivaa rangi ya ngozi, kisha likavaa kabila, na leo limevaa karo. Sisi tulioshiriki katika kudai vyama vingi hatuna budi kulijibu. Haki ya kuchagua kiongozi haitoshi pale ambapo mtoto wa mpiga kura anarudishwa nyumbani na shule iliyojengwa kwa kodi ya mzazi wake.

Tuanze na lango la kwanza. Shule ya Upili ya Nakuru, ambayo wengi huiita Nakuru Boys, chimbuko lake ni shule ya watoto wa walowezi wa Kizungu. Mji wenyewe ulikuwa kitovu cha walowezi wa nyanda za juu. Elimu iligawanywa kwa rangi: Mzungu shule zake, Mhindi shule zake, na Mwafrika akawekwa nyuma ya wote. Mtoto wa skwota aliyezaliwa Njoro, Elburgon au Subukia alisoma, kama alisoma, kwa hisani ya mwenye shamba au kwa jasho la wazazi wake na makanisa. Baba alitozwa kodi, lakini kodi hiyo haikumpa mwanawe ruhusa ya kuketi katika darasa aliloliona akipita barabarani.

Walowezi hawakukosa sababu za kutoa. Walisema Mwafrika hajawa tayari. Ripoti ya Beecher ya mwaka 1949 ilipanga elimu ya Mwafrika kwa ngazi tatu za miaka minne minne, na mchujo ukawa mkali hata wengi wakaishia ngazi ya kwanza. Wazazi waliokwisha kujijengea shule za kujitegemea waliona nyingi kati yake zikifungwa baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952.

Lango hilo lilivunjwa. Tarehe 12 Agosti 1963, Mzee Jomo Kenyatta alisimama papa hapa Nakuru mbele ya mamia ya walowezi, akawaomba wabaki, walime, na pande zote zisameheane. Mwaka uliofuata Tume ya Ominde ikapendekeza shule zisibague kwa rangi, na elimu iwe chombo cha kuunganisha taifa. Sheria ya Elimu ya mwaka 1968 iliweka shule za makanisa chini ya serikali, na makanisa yakabaki na nafasi ya wafadhili. Ahadi ilikuwa wazi: shule ya umma ni ya umma.

Ahadi hiyo haikudumu kabla ya lango la pili kusimamishwa. Mwaka 1985, mwaka ule ule ulioanza mfumo wa 8-4-4, serikali ya chama kimoja iliagiza kwamba asilimia 85 ya nafasi katika shule za upili za mikoani ziende kwa wanafunzi wa eneo lenyewe. Tuwe waadilifu katika kulipima agizo hili. Yapo maeneo yaliyoachwa nyuma kweli. Mtoto wa Pokot au wa Samburu hakuwa na shule kama za mtoto wa Kiambu, na kumsaidia kulikuwa haki. Lakini dawa ya mtoto wa Pokot ilikuwa kumjengea shule bora huko kwao na kumpelekea walimu. Haikuwa kuwafundisha Wakenya kuulizana mwenyeji ni nani.

Kwa maana Nakuru mwenyeji ni nani? Mji huu ulikuzwa na reli, mashamba na soko, ukakusanya watu wa kila pembe ya nchi. Agizo lilitaja eneo, lakini siasa ililisoma kama ukoo. Mtoto aliyezaliwa Molo, akabatizwa Molo, akafanya mtihani wake Molo, aliweza bado kuitwa mgeni kwa sababu babu yake alitoka kwingine.

Neno hilo mgeni halikubaki katika orodha za kidato cha kwanza. Oktoba 1991 mapigano yalianza katika shamba la Meteitei, wilaya ya Nandi. Desemba ya mwaka huo Kifungu cha 2A kikafutwa na vyama vingi vikaruhusiwa. Kufikia mwaka 1992 Molo na Olenguruone zilikuwa zikiwaka moto, na majirani wakiitwa madoadoa ya kuondolewa. Kamati ya Bunge iliyoongozwa na Kennedy Kiliku iliripoti Septemba 1992 kwamba watu 779 walikuwa wameuawa na wapatao 54,000 kuhamishwa. Askofu Ndingi Mwana a'Nzeki wa Nakuru hakunyamaza, na kwa ajili hiyo alichukiwa na wakubwa. Waliokimbia walilala makanisani na katika majengo ya shule. Shule iliyomkataa mtoto kwa kuwa si mwenyeji, ikawa kimbilio lake kwa kuwa hana kwingine pa kwenda.

Hatudai kwamba agizo la 1985 ndilo lililowasha moto wa 1992. Moto ule uliwashwa na watu waliotaka kura na ardhi. Tunachosema ni kwamba taifa lililokwisha kuzoea kumpima mtoto kwa asili yake langoni mwa shule, halikushtuka vya kutosha alipopimwa hivyo hivyo langoni mwa shamba. Moto huo ulirudi Januari 1998 huko Njoro, na tena Januari 2008, hata Uwanja wa Maonyesho wa Nakuru ukageuka kambi ya wakimbizi wa ndani.

Lango la tatu halina kelele. Kamati ya Kamunge ya mwaka 1988 ilipendekeza wazazi wagawane gharama na serikali, na tangu hapo mzigo ukaanza kuhama. Mwaka 2008 serikali ilianza kulipia masomo ya upili ya kutwa kwa Sh 10,265 kwa kila mwanafunzi, na mwaka 2018 kiwango kikapandishwa hadi Sh 22,244. Hatua hizo tunazishukuru. Lakini fedha zikichelewa, au zikija pungufu, mwalimu mkuu humgeukia mzazi. Mtoto wa Kaptembwo au Bondeni hufukuzwa darasani kwa deni la chakula, la basi au la jengo, nasi tunaona jambo hilo kama hali ya hewa, jambo lisilo na wa kuulizwa.

Yupo wa kuulizwa. Kifungu cha 53 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi wa rangi, kabila na asili. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ambayo elimu ya upili imo ndani yake, inakataza ada ya masomo katika shule za umma. Michango mingine inaruhusiwa kwa idhini ya Waziri, kwa sharti kwamba mtoto asikataliwe shuleni kwa kushindwa kuilipa. Someni sharti hilo mara mbili, kisha mlisome katika mkutano wa wazazi.

Sheria hiyo hiyo inawapa wazazi viti 6 katika bodi ya usimamizi ya shule, na mfadhili viti 3. Waumini wapendwa, pale ambapo kanisa lenu ni mfadhili, viti hivyo vitatu ni vyenu. Msivitumie kudai mwalimu mkuu wa kabila lenu au wa dhehebu lenu. Vitumieni kuuliza nani amefukuzwa, kwa deni gani, na kwa idhini ya nani. Kifungu cha 35 cha Katiba kinawapa haki ya kudai hesabu za shule kwa maandishi. Dai lenu liandikwe, litiwe sahihi, na nakala ihifadhiwe.

Ahabu alikuwa mfalme, na bado hakuwa na haki juu ya shamba la Nabothi. Shule ya umma nayo si shamba la mlowezi, wala la ukoo, wala la mwenye pesa. Wazee wetu waliling'oa lango la kwanza. Haya mawili yaliyobaki ni yetu kuyang'oa, kwa sheria mkononi na bila kumwinulia jirani panga.